Jinsi Kiharusi Kilivyopunguzwa: Kutoka Vijiji vya Japani hadi Hai na Dar es Salaam

Kama ulikuwa kwenye foleni ya mgao wakati kipindi kinarushwa, au redio yako iliishiwa betri, karatasi hii ni yako. Ina maneno yote tuliyoyasema hewani. Isome, kisha mpe jirani. Na kama nyumbani kuna baba au mama mzee asiyeona vizuri, msomee kwa sauti.

Leo tunazungumzia kiharusi. Wengine wanakiita kupooza, wengine paralizi. Mtu analala mzima, anaamka upande mmoja hauna nguvu. Anataka kuita mtoto wake, maneno hayatoki. Mdomo umekwenda upande.

Kwa sababu ugonjwa huu unakuja ghafla, bila homa wala kidonda, watu wa nchi nyingi wameutafutia mpigaji. Waingereza wanauita kwa neno lenye maana ya pigo. Wachina na Wajapani wa zamani waliuandika kwa alama mbili zenye maana ya kupigwa na upepo. Na sisi je? Ni mara ngapi umesikia watu wakisema: amepitiwa na upepo mbaya, ametupiwa jini, amelogwa? Na anayenyoshewa kidole mara nyingi ni nani? Mjane, bibi kizee, mke mwenza, au jirani mliyegombana naye juu ya kiwanja. Kwa hiyo kutojua sababu ya kiharusi kunaweza kuumiza watu wawili: aliyeanguka na anayesingiziwa.

Jambo tunalotaka ulione leo katika historia ni moja. Pale ambapo kiharusi kimepungua, hakikupunguzwa na mashine kubwa peke yake, wala na dawa moja ya ajabu. Kilipungua pale watu walipoanza kupimwa presha kabla hawajaanguka, na kila ngazi, kuanzia jikoni hadi hospitali ya rufaa, ikaijua kazi yake. Twende taratibu.

(Muziki mfupi)

Kwanza, kiharusi ni nini?

Ubongo unalishwa na damu kama bustani inavyolishwa na mfereji. Mfereji ukiziba, kipande cha bustani kinakauka. Mfereji ukipasuka, maji yanafurika na kuharibu miche. Kiharusi ni hivyo hivyo. Ama mshipa wa damu wa ubongo umezibwa na donge la damu, ama umepasuka. Sehemu ya ubongo iliyokosa damu inaanza kufa ndani ya dakika chache. Kama ndiyo iliyokuwa ikiamuru mkono wa kulia, mkono unalegea. Kama ndiyo iliyokuwa ikiamuru maneno, ulimi unakuwa mzito.

Kitu kinachochosha mishipa hiyo kuliko vingine vyote ni presha kubwa ya damu, ile ambayo wengi wetu tuliotoka Kongo tunaiita tansio. Ugonjwa wa sukari, tumbaku, pombe nyingi na maradhi ya moyo vinaongeza hatari, lakini presha ndiyo inayotangulia. Na ubaya wa presha ni kwamba haiumi. Mtu anaweza kuwa nayo miaka 10, analima, anabeba kuni, anacheza ngoma harusini, na hajui chochote.

Sasa tuione nchi iliyoteswa na ugonjwa huu kuliko nyingi, kisha ikajiokoa.

Akita: mkoa wa theluji na chumvi

Nchi hiyo ni Japani. Usiifikirie Japani ya leo ya magari na simu. Fikiria Japani ya baada ya vita vya pili vya dunia: miji imeunguzwa na mabomu, watu wana njaa, na vijijini wakulima wanalima mpunga kwa mikono. Muuaji wao wa kwanza alikuwa kifua kikuu. Tiba na kinga ya kifua kikuu zilipoboreka, nafasi hiyo ikashikwa na kiharusi. Kuanzia mwaka 1951 hadi 1980, kwa miaka 30, kiharusi ndicho kilichoua Wajapani wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote.

Hali ilikuwa mbaya zaidi katika mikoa ya kaskazini, kama Akita. Huko theluji inakaa miezi kadhaa, na wakati huo shamba halitoi kitu. Kwa hiyo wakulima walihifadhi chakula kwa chumvi: mboga za chumvi, samaki wa chumvi, na miso, ambayo ni soya iliyopondwa na kuchachushwa kwa chumvi, ya kupikia supu. Walikula wali mwingi na kitoweo kidogo chenye chumvi kali ili wali ushuke. Sisi tunawaelewa. Mtu asiye na friji anahifadhi kwa chumvi na jua. Makayabo yetu yanatoka katika akili hiyo hiyo.

Katika miaka ya 1950, mtafiti Naosuke Sasaki wa Chuo Kikuu cha Hirosaki, mkoa jirani wa Aomori, alianza kwenda vijijini na kipimo cha presha. Aliona kwamba kaskazini kiharusi kilikuwa kikiua hata watu wa makamo, wenye umri wa miaka 30 hadi 59, wale wanaolisha familia. Akaona pia jambo la pili: katika vijiji vilivyolima na kula matofaa kwa wingi, presha za watu zilikuwa chini kuliko katika vijiji vya wali na chumvi tu. Mwaka 1960, Mmarekani Lewis Dahl alichapisha hesabu zilizoshangaza madaktari wengi. Kaskazini mwa Japani mtu alikula wastani wa gramu 27 hivi za chumvi kwa siku, na kusini gramu 14 hivi. Kaskazini ndiko presha ilikokuwa imeenea zaidi.

Gramu 27 ni zaidi ya vijiko vitano vya chai. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile iliyomo tayari ndani ya vyakula.

Mwaka 1963, madaktari kutoka Osaka, wakiongozwa na Yoshio Komachi, walianza kazi na wenyeji wa Ikawa, kijiji cha Akita. Waliwaita watu wazima wote wapimwe presha, wenye afya na wenye kuumwa. Waliokutwa na presha kubwa walipelekwa kwa madaktari wa eneo hilo wapate dawa, na wauguzi wakawafuata nyumbani kuona kama wanazitumia. Wenyeji wakafundishwa kupunguza chumvi. Jamii nyingine ya karibu haikupata mpango kamili kama huo, na hiyo ikawa nafasi ya kulinganisha. Miaka zaidi ya 20 baadaye, hesabu zilionyesha kwamba kiharusi kwa wanaume wa Ikawa kilikuwa kimeshuka kwa kiasi kikubwa kuliko kwa wanaume wa jamii ile nyingine.

Ndugu msomaji, tazama vizuri nini kilichotumika: kipimo cha presha, vidonge, daftari, na miguu ya wauguzi.

Nagano: daktari aliyepanda jukwaani

Mkoa mwingine wa Japani, Nagano, uko kati ya milima, mbali na bahari. Nao ulikuwa na vifo vingi vya kiharusi. Mwaka 1945 alifika huko daktari kijana, Toshikazu Wakatsuki, kufanya kazi katika hospitali ndogo ya wakulima ya Saku. Mwaka mmoja kabla alikuwa amekamatwa na polisi kwa sababu ya kazi yake ya kuchunguza ajali za wafanyakazi viwandani. Alijua maana ya kuogopwa na wenye nguvu.

Wakatsuki aliona kwamba wakulima walifika hospitali wakiwa wamechelewa. Hakuwalaumu. Aliuliza kwa nini, akapata majibu mawili. Wengine walikuwa wagonjwa bila kujua. Wengine walijua, lakini walivumilia, kwa sababu hospitali iko mbali, fedha hakuna, na kazi ya shamba haingoji. Magonjwa ya aina zote mbili aliyaita magonjwa yaliyojificha. Nadhani kila mmoja wetu kambini anamjua mtu wa aina ya kwanza na mtu wa aina ya pili.

Basi yeye na wenzake wakatoka hospitalini. Siku za mapumziko walikwenda vijijini kupima watu bila kuwangoja. Walipoona hotuba zinawachosha wakulima, wakatunga michezo ya kuigiza. Madaktari na wauguzi walipanda jukwaani wakaigiza, na wanakijiji wakacheka, na katikati ya kicheko wakajifunza. Sisi wa redio tunampenda daktari huyu kwa sababu hiyo.

Mwaka 1959, kijiji cha Yachiho kilikubaliana na hospitali ya Saku kwamba wanakijiji wapimwe afya kila mwaka, na kila mtu awe na daftari lake la afya nyumbani. Leo hilo linaonekana jambo dogo, lakini wakati ule lilikuwa jipya. Taarifa za afya hazikubaki zimefungiwa kabatini kwa daktari. Mwenyewe aliweza kuona: mwaka juzi presha yangu ilikuwa hivi, mwaka jana hivi, mwaka huu imepanda. Baadaye mfano wa Yachiho ulisaidia kuandaa sheria ya Japani ya mwaka 1982 kuhusu afya ya wazee, iliyoeneza upimaji wa namna hiyo nchini kote.

Nagano walikuwa na nguvu nyingine, na hiyo ilikuwa ya akina mama. Mwaka 1945, katika kijiji cha Takaho, wanawake walijitolea kumsaidia muuguzi wa kijiji aliyekuwa amezidiwa na kazi. Mpango huo ukaenea mkoa mzima. Mama anahudumu kwa miaka miwili, kisha anampisha jirani yake. Hesabu yake ni rahisi: baada ya miaka mingi, karibu kila ukoo una mtu aliyewahi kufundishwa mambo ya afya. Akina mama hao walipita nyumba kwa nyumba wakipima chumvi kwenye supu. Hawakusema "acheni supu ya miso", kwa maana hakuna Mjapani ambaye angekubali. Walisema: ongezeni mboga ndani ya supu ili mchuzi upungue, na mkila tambi msinywe mchuzi wote. Walihimiza pia kila nyumba iwe angalau na chumba kimoja chenye joto, kwa sababu baridi inapandisha presha.

Serikali nayo ilifanya sehemu yake. Mwaka 1961 Japani ilifikia hatua ya kila mwananchi kuwa na bima ya afya, kwa hiyo mkulima aliyeambiwa ana presha aliweza kupata vidonge. Kupimwa bila dawa kungekuwa kumtisha mtu bure.

Matokeo? Kati ya mwaka 1965 na 1990, ukilinganisha watu wa umri sawa, vifo vya kiharusi nchini Japani vilipungua kwa kiasi kikubwa sana. Na Nagano, mkoa uliokuwa ukizika watu wengi kwa kiharusi, katika hesabu za mwaka 2010 ulikuwa wa kwanza Japani kwa maisha marefu, kwa wanaume na kwa wanawake.

(Muziki mfupi)

Na aliyekwisha kuanguka?

Utauliza: sawa, hayo ni ya kuzuia, je, yule ambaye ameshaanguka? Hapa tuhame Japani, twende Norwe, mji wa Trondheim.

Zamani mgonjwa wa kiharusi alilazwa kitanda chochote kilichokuwa wazi. Alilala tu, ikasemwa kwamba hakuna la kufanya. Madaktari wa Trondheim walijaribu njia nyingine. Walitenga wodi moja kwa ajili ya kiharusi, yenye timu moja: daktari, muuguzi, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wote wakifuata utaratibu mmoja, na mgonjwa akianza mazoezi mapema. Wagonjwa 220 waligawanywa kwa bahati nasibu, 110 wodi hiyo na 110 wodi za kawaida. Baada ya wiki 6, katika wodi ya kiharusi walikuwa wamekufa 8. Katika wodi za kawaida walikuwa wamekufa 19. Na waliokuwa wamerudi nyumbani ni 62 kwa 36. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1991.

Kumbuka mwaka huo. Dawa ya kuyeyusha donge la damu ilikubaliwa Marekani kwa kiharusi mwaka 1996. Maana yake watu hawa wa Trondheim waliokolewa na mpangilio wa kazi, kabla dawa hiyo haijaja. Katika wodi za namna hii mgonjwa anapimwa kwanza kama anaweza kumeza, ili chakula kisiingie kwenye mapafu. Anageuzwa ili asipate vidonda vya mgongo. Homa inashushwa, sukari inaangaliwa. Anakalishwa na kusimamishwa kwa utaratibu. Mengi ya hayo yanafanywa kwa mikono na kwa kujua.

Dawa ya kuyeyusha donge ilipokuja, ilileta sharti la muda. Inapaswa kutolewa ndani ya saa chache tangu dalili kuanza, na lazima kwanza kichwa kipigwe picha ya siti skani, kwa sababu kama mshipa umepasuka, dawa hiyo inaweza kuua. Kwa hiyo mwaka 2010 jiji la London lilibadili mpangilio wake. Badala ya kila hospitali kupokea kiharusi, hospitali 8 zilichaguliwa, zikapewa mashine na timu za usiku na mchana, na gari la wagonjwa likaamriwa kwenda huko moja kwa moja, hata kama njiani linapita hospitali nyingine. Ndiyo maana tunasema matibabu ya kiharusi ni kazi ya mnyororo. Pete moja ikikatika, mashine nzuri inabaki inangoja mgonjwa asiyefika.

Karibu nasi: Hai na Dar es Salaam

Sasa turudi Afrika Mashariki, maana usije ukasema haya ni ya Wajapani na Wazungu.

Kuanzia mwaka 1992, Tanzania ilifanya kazi kubwa ya kuhesabu vifo katika maeneo matatu: sehemu za Dar es Salaam, wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, na Morogoro Vijijini. Watu wengi walifia nyumbani bila cheti cha daktari, kwa hiyo watu waliofundishwa walikwenda kwa wafiwa na kuwauliza kwa heshima: marehemu aliumwaje, ilianza vipi, alipooza upande gani? Majibu yalipojumlishwa, ikaonekana kwamba kwa watu wenye umri wa miaka 15 hadi 64, kiharusi kiliua Watanzania mara kadhaa zaidi kuliko watu wa Uingereza na Wales wa umri huo huo. Wale waliosema kiharusi ni ugonjwa wa matajiri wakanyamaza.

Kati ya mwaka 2003 na 2006, watafiti walirudi kuhesabu watu wanaopata kiharusi kwa mara ya kwanza. Baada ya kurekebisha tofauti za umri, Hai walipata watu 109 hivi kwa mwaka katika kila watu 100,000. Dar es Salaam walipata 316 hivi. Karibu mara tatu! Nchi moja, lugha moja. Na Dar es Salaam ndiko kwenye hospitali kubwa zaidi. Basi kuishi karibu na hospitali peke yake hakumkingi mtu.

Kwa nini? Jibu mojawapo lilikuwa limeshaonekana katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000, uliofanyika Ilala jijini Dar es Salaam na kijiji cha Shari wilayani Hai. Kati ya watu waliokutwa na presha kubwa, waliojua kwamba wanayo hawakufika watu 20 katika kila 100. Waliotumia dawa walikuwa 10 hivi. Na wale ambao presha yao ilikuwa imeshuka hadi mahali pazuri hawakufika hata mmoja katika 100. Soma tena sentensi hiyo.

Watafiti wengine walikwenda kuuliza wagonjwa wa sehemu hizo mbili na ndugu zao: mnadhani kiharusi kinatoka wapi? Majibu yao yalichapishwa mwaka 2008. Dar es Salaam wengi walitaja mapepo na uchawi, na wengi walianzia kwa mganga. Hai walitaja zaidi presha na mawazo mengi, na wengi walianzia hospitali. Hapa tusiwadharau waganga wetu. Wanaweza kumtuliza mgonjwa na kuwapa ndugu moyo. Lakini donge kwenye mshipa halingoji siku tatu za dawa za mizizi. Kama unataka maombi au mganga, wafuate baadaye. Saa za kwanza ni za zahanati.

(Muziki mfupi)

Sisi tufanyeje?

Historia hii inatuonyesha kazi zetu, kila mtu kwa nafasi yake.

*Jikoni.* Kipimo cha kawaida cha chumvi kwenye mgao ni gramu 5 kwa mtu kwa siku. Hiyo inatosha, na ina madini joto, kwa hiyo usiiache. Tatizo ni tunayoongeza juu yake: makayabo, dagaa wa chumvi, vidonge vya kukolezea mchuzi, na ile chumvi ya mezani kabla hata hujaonja. Mama Mjapani hakuacha supu yake, nawe huhitaji kuacha makayabo. Yaloweke usiku, umwage maji, na usiweke tena chumvi kwenye sombe unayopika nayo.

*Kipimo.* Ukiwa mtu mzima, hasa ukishapita miaka 40, omba upimwe presha kila unapokwenda zahanati, hata kama umempeleka mtoto tu. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku nyingine na kikabaki hapo, ni presha kubwa. Uliza namba zako, uziandike.

*Vidonge.* Hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka. Tumezoea malaria: unameza siku tatu, unapona, unaacha. Presha haiko hivyo. Unajisikia vizuri kwa sababu unameza. Ukiacha, presha inarudi kimya kimya. Kama dawa zinakusumbua, au zimeisha kabla ya tarehe, rudi useme. Usigawane vidonge na jirani, na usimeze mara mbili kufidia ulizokosa.

*Daftari.* Watu wa Yachiho waliweka daftari la afya nyumbani. Sisi tunahama. Leo uko hapa, kesho unahamishiwa kambi nyingine, au unarudi nyumbani. Kadi yako ya kliniki iweke pamoja na kadi ya mgao, ndani ya mfuko wa nailoni. Daktari wa mahali unapokwenda hakujui, lakini kadi itasema kwa niaba yako.

*Siku ya tukio.* Fundisha hata watoto mambo matatu. Mwambie mtu acheke: uso umevutwa upande mmoja? Mwambie anyooshe mikono yote miwili: mmoja unashuka? Mwambie ataje jina lake: maneno yamepotea au yamechanganyika? Moja tu kati ya hayo likitokea ghafla linatosha. Angalia saa, ukumbuke ilianza lini. Mpeleke zahanati au mwite mhudumu wa afya wa mtaa wako mara moja, hata kama ni usiku. Usimpe chakula wala maji, anaweza kupaliwa. Usimpe asipirini, kwa sababu hujui kama mshipa umeziba au umepasuka. Kama hajitambui, mlaze kwa ubavu. Na hata dalili zikiisha baada ya nusu saa, nenda tu. Hilo mara nyingi ni onyo la kiharusi kikubwa kinachokuja.

*Baada ya hapo.* Aliyepooza si mtu aliyekwisha. Kama hospitali imemrudisha nyumbani, mgeuze kila baada ya saa mbili, mkalishe anapokula, fanya naye mazoezi uliyoonyeshwa, zungumza naye hata kama anajibu kwa kichwa. Na dawa ya presha ni lazima iendelee, kwa maana aliyeanguka mara moja anaweza kuanguka tena.

Mengine hayako mikononi mwetu. Hatuwezi kununua siti skani, wala kuamua gari la wagonjwa liende wapi. Lakini tunaweza kuuliza. Kwenye mikutano ya viongozi wa mitaa na mashirika ya afya tuulize kwa adabu na bila kuchoka: vipimo vya presha kwenye zahanati yetu vinafanya kazi? Vidonge vinatosha mwezi mzima? Mgonjwa wa kiharusi akija saa nane za usiku, utaratibu ni upi, na nani anapigiwa simu? Wakulima wa Nagano nao walikuwa watu wasio na fedha wala sauti kubwa. Kazi ilisonga kwa sababu kijiji kilikaa meza moja na hospitali.

Na yule bibi kizee anayesingiziwa kwamba amemroga jirani yake? Mtetee. Mwambie anayemsingizia: je, marehemu aliwahi kupimwa presha?

Maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu

1. Nyumbani kwenu, nani amewahi kupimwa presha mwaka huu? Nani bado?
2. Katika mtaa wenu, mtu akianguka usiku, nani ana simu, na nani anajua njia ya haraka ya kufika zahanati?
3. Ni mama au baba gani katika mtaa wenu angeweza kufundishwa, kisha baada ya miaka miwili ampishe mwingine, kama kule Nagano?

Andikeni majibu yenu, myaweke kwenye sanduku la barua la redio. Tutayasoma hewani bila kutaja majina. Mpaka kipindi kijacho, tunawatakia afya njema, na kama unapita karibu na zahanati leo, ingia upimwe.